Wiki Sita za Kwanza

Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma. Mwaka 2003, kabla ya mikoa mingine ya Tanzania, utaratibu huo ulijaribiwa hapa: duka la dawa baridi likakaguliwa na kusajiliwa upya, muuzaji akapewa mafunzo, na dawa anazoruhusiwa kuuza zikajulikana. Jaribio lilifaulu, likaenea nchi nzima. Nalitaja mwanzoni kwa sababu linanipa moyo. Watu wa Songea, Mbinga, Namtumbo na Tunduru wameshaona kwa macho yao kwamba haitoshi dawa kufika kijijini. Lazima ifike pamoja na mtu anayeijua.

Ndicho ninachokidai katika sura hii kwa ajili ya watu wenye sonona kali. Vidonge vyao vipo, na havina bei ya kutisha. Kinachokosekana mara nyingi ni usimamizi wa zile wiki za mwanzo, na ni katika wiki hizo mgonjwa anahitaji macho ya watu kuliko wakati mwingine wowote.

Sonona kali tuitenganishe na huzuni ya msiba, na msongo wa mawazo wa mtu anayetafuta ada ya shule. Ni ugonjwa unaokaa wiki mbili na zaidi, kutwa kucha, unaomnyima mtu usingizi, hamu ya kula, nguvu za kuamka, hata furaha ya kumpakata mjukuu. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatamki neno huzuni. Atasema kichwa kinamuuma, mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio. Atapimwa malaria na hana, ataambiwa ni taifodi na kumeza dozi, atarudi vilevile. Hata hivyo ugonjwa huu unapimika kwa Kiswahili. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito wenye VVU, wakionyesha kwamba dodoso la dalili lililotungwa Marekani linaweza kuwatambua wenye sonona hapa kwetu. Dodoso fupi la maswali 9, linaloitwa PHQ-9, nalo limeshafanyiwa utafiti nchini, na muuguzi hulimaliza kwa dakika chache.

Dawa zenyewe ziligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko madaktari walivyotarajia. Miaka michache baadaye Roland Kuhn, daktari wa Uswisi, aliona imipramini ikiwainua wagonjwa wake wa sonona. Amitriptilini, ndugu wa imipramini, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Amitriptilini na fluoksetini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndizo ambazo mgonjwa wa Songea huenda akaandikiwa.

Zinatofautiana kwa jambo moja ambalo kila familia inapaswa kulijua siku ya kwanza. Amitriptilini ni dawa nzuri, humpa mgonjwa usingizi alioukosa, na watu wengi wanaifahamu kwa kutibu maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Fluoksetini ikizidishwa si salama, ila hatari yake kwa moyo ni ndogo zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayewaza kujiua, au mwenye ugonjwa wa moyo, au mzee sana, hapewi amitriptilini kwa mazoea tu.

Sasa tuchukue mfano. Mama wa miaka hamsini na kitu ametoka Namtumbo na kijana wake kwa basi la alfajiri, wamefika kliniki ya afya ya akili mjini Songea. Tangu tumbaku ivunwe hajagusa jembe, hali, halali. Kijana ameshasikia kwamba kuna vidonge vya ugonjwa huu na anataka apewe haraka wawahi gari la kurudi. Muuguzi, binti wa umri wa kijana huyo, anavuta kiti karibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, leo nitakuuliza maswali mengi. Mengine yatakushangaza, uniwie radhi. Umewahi kupata siku ukawa hulali kabisa, siku tatu, nne, wiki, na wala huchoki, unaongea sana, unanunua vitu au kugawa mali?"

Mama anatikisa kichwa. Kijana anasita, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Mama, ule mwaka tuliojenga. Uliuza mahindi yote siku moja. Ulikuwa unaimba usiku kucha."

Jibu hilo limebadilisha matibabu yote. Mtu aliyewahi kuchangamka kupita kiasi namna hiyo huenda ana ugonjwa wa hisia wenye pande mbili, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha kutoka upande wa chini hadi upande wa juu: asilale, afuje mali, agombane na majirani, ahatarishe maisha. Mama huyu anahitaji daktari, na pengine dawa ya kutuliza hisia kwanza. Asingeyakumbuka hayo mwenyewe. Sonona humfanya mtu aone kwamba hajawahi kuwa na siku njema. Ndiyo maana nasisitiza ndugu anayemjua mgonjwa kwa miaka mingi afike naye kliniki mara ya kwanza, hata ikibidi kazi ya siku hiyo ilale.

Maswali mengine yanahusu mwili. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huweza kuleta uchovu unaofanana na sonona, kwa hiyo vipimo vinatangulia. Mwenye shinikizo la macho, au mzee anayepata shida kukojoa kwa sababu ya tezi dume, aseme, maana amitriptilini huzidisha yote mawili. Mwenye kifafa aseme pia. Kwa Ruvuma swali hili lina uzito wake: mkoa huu umo katika maeneo ya Tanzania yenye historia ya usubi, na tafiti za Mahenge, kaskazini mwetu, zimehusisha usubi na kifafa. Amitriptilini inaweza kurahisisha degedege kwa mtu ambaye tayari analo. Mjamzito na anayenyonyesha waseme ili wachaguliwe dawa inayofaa, na mwanamke aliyeshika mimba akiwa katikati ya dozi asiiache ghafla kwa hofu, arudi aulize.

Kisha linakuja swali ambalo wengi wetu tunalikwepa. Muuguzi mzuri humwomba ndugu atoke nje kidogo, halafu anauliza kwa utaratibu: Umewahi kutamani usiamke? Umewaza kujiua? Umepanga utafanyaje? Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumtia mgonjwa wazo. Shirika la Afya Duniani limeeleza waziwazi kwamba kuuliza hakuongezi hatari, na kwamba wagonjwa wengi hupata ahueni kwa kupata mtu wa kumwambia. Nami naamini hakuna kipimo cha maabara chenye thamani ya swali hili. Jibu lake huamua dawa ipi itolewe, vidonge vingapi vitoke dirishani, na kama mgonjwa atarudi nyumbani au atalazwa. Aliyewaza na kupanga haachwi peke yake hata dakika anayokwenda chooni.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani apewe vidonge vichache, vya wiki moja kwa kuanzia, ingawa nauli ya kurudi inauma. Bahasha ndogo ya dawa imeandikwa kwa kalamu: 1 x 1 usiku. Alama hiyo ina maana kidonge kimoja, mara moja, usiku. Mgonjwa asiyelala huona kidonge kimoja hakijamsaidia akameza cha pili saa nane za usiku, akadhani amejitibu. Kwa hiyo bahasha isiwekwe chini ya mto wake wala juu ya kabati. Itunzwe na mtu, mwenye jina, aliyekubali kazi hiyo: mume, dada, binti mkubwa, jirani wa kuaminika. Yeye ndiye anayetoa kidonge kila siku na kumwona mgonjwa akikimeza. Mwanafunzi wa bweni, awe Songea Boys, Songea Girls au shule nyingine yoyote, dawa yake itunzwe na matroni au patroni, mzazi akiwa na taarifa.

Mtunza dawa ana kazi nyingine kabla ya jua kuzama siku hiyo ya kwanza. Huu ni mkoa wa mahindi na kahawa, na karibu kila kaya inayolima ina dawa ya wadudu uvunguni au ghalani. Iondoke. Ihifadhiwe kwa jirani, ifungiwe kwa kufuli, ufunguo usijulikane na mgonjwa. Watafiti wa nchi nyingi wamekubaliana juu ya hili: mtu aliyefikia hatua ya kutaka kufa mara nyingi huwa katika saa mbaya inayopita, na akikosa sumu karibu katika saa hiyo, wengi huishi. Sijui ushauri mwingine wa bei rahisi namna hii unaookoa watu wengi kiasi hicho.

Wiki ya kwanza na ya pili familia hukata tamaa, kwa sababu madhara ya dawa hutangulia na nafuu huchelewa. Anayemeza amitriptilini mdomo humkauka, haja kubwa huwa ngumu, macho huona ukungu, usingizi humwelemea mpaka asubuhi. Asiendeshe bodaboda wala asisimamie mashine ya kusaga mpaka mwili uzoee. Mzee akiamka usiku kwenda choo cha nje aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha hushuka ghafla anaposimama, na nyonga ikivunjika katika umri huo si jambo dogo. Anayemeza fluoksetini hupata kichefuchefu, tumbo kuvurugika, na wasiwasi wa siku chache. Ndiyo maana humezwa asubuhi. Mengi ya hayo hupungua yenyewe. Mambo ya unyumba nayo hubadilika kwa baadhi ya watu, na wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo tu. Lisemwe kliniki. Linarekebishika.

Kuna dalili moja ambayo nataka kila mtunza dawa aijue. Ni kutotulia: mgonjwa anatembea huku na huko chumbani, hawezi kukaa, anasema ndani kunachemka, anakasirika bila sababu. Pamoja na hilo kuna jambo ambalo madaktari wamelionya kwa miaka mingi: nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya matumaini. Mtu ambaye wiki iliyopita hakuwa na nguvu ya kufanya lolote, sasa anazo, na mawazo mabaya bado yapo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liandikwe kwenye dawa hizi kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa kufikia umri wa miaka 24, kwa kuwa majaribio yalionyesha mawazo ya kujiua yakiongezeka kwa baadhi yao mwanzoni mwa tiba. Wengine walilisoma onyo hilo kama amri ya kuwanyima vijana dawa, nami naona hapo walikosea. Limetaka kijana aonwe mara kwa mara, kila wiki ikiwezekana, na kila dozi inapobadilishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kwamba kijana aanze na tiba ya mazungumzo, na akihitaji dawa iwe fluoksetini chini ya mtaalamu; mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe.

Nafuu ya kweli hutarajiwa kati ya wiki ya 4 na ya 6. Usingizi na chakula hurudi kwanza. Mara nyingi jirani ndiye anayeliona badiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Katikati ya wiki hizo mtu ataumwa mengine, na hapa ndipo kosa hutokea kirahisi. Homa ikija atapewa dawa mseto. Malaria lazima itibiwe, hilo halina mjadala, lakini mseto na amitriptilini zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo, kwa hiyo anayetoa mseto aambiwe kuna dawa gani nyingine, hasa mgonjwa akiwa na moyo dhaifu. Maumivu ya mgongo yakija atanunua daiklofenaki. Ikikutana na fluoksetini hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Tramadoli ni mbaya zaidi, kwani ikichanganywa na dawa za sonona inaweza kuleta degedege, au hali ya hatari ya kutetemeka, jasho jingi, joto kali na kuchanganyikiwa. Anayetibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolidi yumo katika hatari hiyohiyo ya kutetemeka na joto, na rifampisini ya kifua kikuu cha kawaida hushusha nguvu ya amitriptilini mwilini. Mwenye VVU ataje ARV zake kwa jina: efavirenzi ilijulikana kwa kuvuruga usingizi na hisia, na hata dolutegraviri, ambayo Tanzania ilianza kuhamia mwaka 2019, huwanyima usingizi baadhi ya watu. Pombe, iwe komoni, ulanzi, gongo au bia ya chupa, iwekwe kando kabisa. Dawa ya mganga nayo itajwe. Najua wengi huificha kwa kuogopa kufokewa, na mhudumu anayefoka anajinyima taarifa aliyoihitaji.

Yakitokea madhara yasiyo ya kawaida, mhudumu anapaswa kujaza fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwombe aijaze.

Kutoka Novemba hadi Aprili mvua za kwetu ni nyingi, na barabara za vijijini huwa mtihani. Mgonjwa anayepaswa kurudi Songea mwezi Februari apange mapema: zahanati ipi ya karibu inaweza kumwona, mhudumu wa afya wa kijiji ni nani, simu ya kliniki ni ipi. Aliye upande wa Peramiho ajue kwamba Hospitali ya Mtakatifu Yosefu iko karibu naye usiku wa dharura kuliko mjini, kilomita 24 hivi. Vidonge vikiisha ghafla mwili hulalamika: kizunguzungu, ndoto za kutisha, mshtuko kama wa umeme kichwani, machozi yasiyo na sababu. Wengi hufikiri wamekuwa walevi wa dawa, wakaapa hawataigusa tena. Wanachokiona ni mwili uliokatiziwa dawa ghafla. Tiba huendelea miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupona, na kuiacha ni kwa kupunguza polepole, wiki 4 au zaidi, daktari akijua.

Wasomaji wenye ndugu ughaibuni huwa wananiuliza kuhusu ketamini. Dawa hiyo inajulikana vizuri katika vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu. Mwezi Machi 2019 Marekani iliidhinisha ndugu yake, esketamini, ya kupuliza puani, kwa watu ambao dawa nyingine za sonona zimeshindwa kuwasaidia. Mgonjwa haruhusiwi kwenda nayo nyumbani. Huipuliza kliniki, akapimwa presha, akaangaliwa kwa saa 2 angalau, na haendeshi gari mpaka kesho yake baada ya kulala. Nchi yenye hospitali nyingi namna hiyo haikumwachia mgonjwa wa sonona kali dawa hiyo mikononi mwake. Sisi tunampa mgonjwa bahasha anakwenda nayo Tunduru. Tunaweza kufanya hivyo kwa usalama, maana vidonge vyetu ni vya aina nyingine, lakini basi nyumba iwe wodi kwa wiki 6, na aliyeko nyumbani afundishwe kabla basi halijaondoka.

Yote haya yanategemea mgonjwa kujibu ukweli anapoulizwa kama amewaza au amejaribu kujiua. Hapa sheria yetu inatukwamisha. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kuwaza si kosa, na muuguzi anayeuliza si askari; mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya swali la kwanza. Lakini mama aliyenusurika usiku wa jana, ambaye ndiye anayehitaji kuliko wote kusimamiwa kwa karibu, ana sababu ya kunyamaza, na ndugu zake wana sababu ya kusema alikosea kipimo cha dawa. Akinyamaza, huenda akaandikiwa vidonge vya mwezi mzima kana kwamba hana hatari yoyote. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Nawaomba wabunge wa Ruvuma, wa majimbo yote, wapeleke Dodoma hoja ya kukifuta kifungu cha 217.